Swali la lugha: Kuandika herufi kubwa tupu kwenye grupu la harusi ni kosa?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu. Juzi nimeposti kwenye grupu la WhatsApp "SHKM, LIPENI AHADI ZENU KABLA YA JUMAMOSI!!!" ili kila mtu aione, shangazi akajibu "mbona unatufokea?" Kiswahili changu kina kosa gani hapo?

JIBU: Kisarufi huna kosa dada yangu, ila shangazi yuko sahihi. Herufi kubwa tupu watu wanazisoma kama sauti ya juu, na wewe umeongezea "lipeni" ambayo ni amri kavu, halafu alama tatu za mshangao, sasa mtu mzima akisoma anakuona umesimama mlangoni mikono kiunoni.

Halafu maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kinabeba nani anafanya, lini na kwa nani, hebu andika TUNAWAKUMBUSHA kwa herufi kubwa uone, jicho linakosa pa kushika, wakati kwenye herufi ndogo hizo k, b na h zinapanda juu na neno unalitambua haraka. Ukitaka siku ionekane weka nyota mwanzo na mwisho, \*Jumamosi\*, bila kuacha nafasi kati ya nyota na neno, WhatsApp yenyewe itakoleza wino. Neno moja mawili yanatosha, ukikoleza meseji nzima umerudi kule kule kwenye kufoka.

Ila upole wenyewe uko kwenye kitenzi, na hapa ndo Kiswahili kina utajiri. "Lipeni" ikiwa "mlipe" imeshapoa kidogo, ikiwa "tunaomba mmalizie" imepoa zaidi, na mimi naipenda "tumalizie" maana hapo na wewe katibu umejiweka ndani.

"Shkm" achana nayo. Vifupisho kama "2po", "cjui" na "m2" tulivizoea enzi za SMS, herufi 160 ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili. Kwa marafiki zako endelea tu, lakini shikamoo ni heshima unayompa mtu, ukiinyofoa irabu zote mkubwa anaona umempa nusu. Na usitume salamu peke yake ukakaa kungoja marahaba za watu wote ndo useme shida, weka salamu, ruka mstari, sema jambo lako humo humo:

"Shikamooni wakubwa zetu, wengine habari zenu.

Tunaomba tumalizie ahadi zetu kabla ya \*Jumamosi\* ili tulipie ukumbi. Asanteni sana."

Kwenye orodha ya michango pia, aliyetoa muwekee tiki, ambaye hajatoa acha wazi. Usimwandikie BADO mbele ya wakwe zake, huyo mfuate inboksi.