Uliza Ujibiwe: Wataalamu jukwaani, sisi kwenye viti

SWALI: Habari za kazi. Mi nafuatilia sana hii mijadala ya wazi, maprofesa na wachambuzi wanakaa mbele wanaongelea ajira, uchaguzi, tabianchi na kila kitu, ila mara nyingi inaisha sijashika hata kimoja. Tatizo ni mimi au ni wao? (Mhitimu, natafuta kazi)

JIBU: Wala usijilaumu ndugu yangu. Piga hesabu tu, mjadala wa dakika 90, wazungumzaji watano, mwongozaji anasoma wasifu wa kila mmoja kuanzia shule ya msingi mpaka tuzo ya juzi, dakika 15 zimekwenda, halafu kila mtu anaambiwa afungue kwa dakika 10 yeye anatumia 14, hapo ndo zinabaki dakika 5 na ukumbi mzima unagombania maiki moja. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Umesikiliza hotuba tano zilizopangwa foleni, basi, hata kama bango la nje liliandikwa mjadala. Wakiitwa watu wawili au watatu tu wanaopingana kweli na mwongozaji asiyeogopa kumkatiza mkubwa, mambo yanakuwa tofauti kabisa.

Ila kuna shida nyingine kubwa kuliko muda. Mwanasaikolojia mmoja anaitwa Philip Tetlock alikusanya utabiri wa watu 284 ambao kazi yao ni kuchambua au kushauri juu ya siasa na uchumi, aliwafuata kwa miaka kama 20 hivi, jumla utabiri zaidi ya 80,000, na matokeo aliyachapisha mwaka 2005. Kwa wastani wataalamu walizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo sana, na wale maarufu, wanaopenda kuitwa kwenye vyombo vya habari, ndo walikosea zaidi! Waliofanya vizuri kidogo ni wale wanaosema "lakini", "inategemea", wanaochanganya vyanzo vingi na kubadili mawazo, yaani haohao tunaowaona wanaboa tunabadilisha chaneli.

Simaanishi watu waache kuwasikiliza wataalamu. Mtu aliyesoma bajeti kurasa zote atakueleza kilichomo vizuri kuliko mimi na wewe, hapo hakuna ubishi, ila kueleza kilichopo na kutabiri kijacho ni kazi mbili tofauti na jukwaani zinachanganywa kwenye sentensi moja. Kwa hiyo mtu akisema "hali itakuwa ngumu huko mbele", muulize ngumu kiasi gani, kufikia lini, na ni kitu gani kikitokea atakubali kwamba amekosea. Ukiona anazunguka, ujue hakuwa na utabiri, alikuwa anaongea tu.

SWALI: Shikamoo. Mimi nahudhuria makongamano lakini sijawahi kuinua mkono, nahisi swali langu ni dogo mno mbele ya wasomi. Wanaume wanauliza tu hata vitu vya ajabu. Nifanyeje? (Dada wa watu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hicho unachokiona kimepimwa. Kuna utafiti ulitoka 2018, watu waliangalia semina karibu 250 za wasomi katika taasisi 35 kwenye nchi 10, wakakuta hata pale idadi ya wanaume na wanawake ukumbini inapolingana, uwezekano wa muulizaji kuwa mwanaume ulikuwa mara mbili na nusu zaidi. Na swali la kwanza likiulizwa na mwanaume, pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo wanaoongoza mijadala wanaosoma hapa, mkono wa kwanza mpeni mwanamke, haiwagharimu chochote.

Na wewe andika swali kabla, sentensi moja au mbili, liishie kwenye alama ya kuuliza. Hapo tayari umewazidi nusu ya wanaoinuka na "mimi sina swali ila nina mchango", halafu tunakaa dakika 6 tunasikiliza historia ya maisha yake.

SWALI: Kwa nini kila mada lazima waite mtu wa upande wa pili hata kama anaongea uongo wa wazi? Hiyo ndo usawa? (Mwalimu wa sayansi)

JIBU: Mwalimu, inategemea mnabishania nini. Kama ni jambo la ushahidi, mfano binadamu anachangia kuongezeka kwa joto la dunia au la, kumweka mwanasayansi mmoja na mpingaji mmoja kunamfanya msikilizaji adhani wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu, na hawajagawanyika. BBC yenyewe mwaka 2018 iliwaambia waandishi wake kwamba hawahitaji mpingaji ili kuweka mizani kwenye mada hiyo.

Lakini chukua adhabu ya kifo. Humo ndani kuna maswali mawili yamebanana. La kwanza, je, inapunguza mauaji? Hilo ni la takwimu, na mwaka 2012 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipitia tafiti za miongo mitatu ikasema haziwezi kutuambia kama inapunguza, inaongeza au haifanyi chochote. La pili, je, dola ina haki ya kumuua mtu? Hapo profesa wa takwimu hana kura nzito kuliko muuza duka, na pande zote lazima zisikike, hata zile zinazotukera. Waandaaji wengi wanayachanganya haya mawili halafu wanashangaa mjadala umegeuka ugomvi.

SWALI: Nilialikwa kikao cha wataalamu wakasema kinafuata kanuni ya Chatham House. Ndo siri? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Siyo siri. Kanuni ilitungwa mwaka 1927 na Chatham House, taasisi ya utafiti wa mambo ya kimataifa iliyopo London, inasema taarifa ulizozisikia unaweza kuzitumia, ila usimtaje aliyesema wala taasisi anayotoka, wala mwingine yeyote aliyekuwepo. Inasaidia mtu wa serikalini aseme anachokiamini bila kuogopa kibarua. Ila ukisikia kikao kinatangazwa cha wazi kwa wananchi halafu kanuni hiyo inatumika, shtuka.

SWALI: Hivi haya mazungumzo yashawahi kubadilisha kitu kweli au ni kupiga soga tu na posho? (Mzee mstaafu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mara nyingi ni soga, tusidanganyane. Lakini tazama Ireland. Mwaka 2016 waliunda bunge la wananchi, raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na jaji kama mwenyekiti, wakakaa wikiendi tano juu ya suala la utoaji mimba ambalo lilikuwa limewagawa vibaya tangu katiba yao ibadilishwe 1983. Wataalamu wa tiba, sheria na maadili waliitwa, wakajieleza, wakahojiwa, kisha wakakaa pembeni, uamuzi ukabaki kwa raia. Vikao vikuu vilirushwa laivu. Walipendekeza katiba ibadilishwe ili utoaji mimba uweze kuruhusiwa, na kura ya maoni ya Mei 2018 ikapita kwa asilimia 66.4. Mtu anaweza kuyapenda au kuyachukia matokeo, ila hawezi kusema yalikuwa maneno matupu.

Ufaransa nao waliwaita raia 150 kuhusu tabianchi, 2019 mpaka 2020. Rais Macron aliahidi mapendekezo yatapelekwa bila kuchujwa, mengi yakachujwa, wananchi wale wakanuna na wana haki. Ireland kulikuwa na njia inayojulikana kutoka ripoti mpaka bungeni mpaka kwenye kura, Ufaransa kulikuwa na ahadi ya mtu mmoja. Kwa hiyo mzee ukipata mwaliko, waulize kabla ya kufunga safari, mapendekezo anakabidhiwa nani na analazimika kujibu lini. Kama hawajui, basi nenda tu kama unapenda kusikiliza watu wakiongea vizuri, mi mwenyewe huwa naenda.