Mleta uzi wa Nyegezi: usiingize laina shimo wazi kwa kasi ya mabomba ya kuchimbia

Mleta uzi anasema yupo likizo nyumbani Nyegezi, anarudi rigini, kwenye mtambo wa kuchimba visima vya mafuta Uganda, upande wa Ziwa Albert, na zamu yake ndiyo itakayoshusha laina ya inchi 7, yaani bomba la chuma la kuvisha sehemu ya chini ya kisima, kwenye shimo la inchi 8½. Kauliza cheti kipi cha kudhibiti kisima kinakubalika, posho za Watanzania zikoje, apite Bukoba au azungukie Sirari. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu: "Msimamizi anasema tutashusha kwa kasi ileile tuliyoshushia mabomba ya kuchimbia, maana shimo likikaa linaziba. Iko sawa?"

Haiko sawa. Mdogo wangu, hilo ndilo swali lako, hayo mengine ni ya nauli.

Shika kalamu. Saba mara saba ni 49. Nane na nusu mara yenyewe ni 72.25. Toa 49, inabaki 23.25. Hiyo ndiyo nafasi ambayo tope la kuchimbia, lile linalojaza shimo, limeachiwa kupandia kati ya laina na ukuta wa shimo. Laina iliyozibwa chini inasukuma 49 ipite kwenye 23.25, kwa hiyo tope linapanda kwa kasi zaidi ya mara mbili ya ile laina inayoshukia. Sasa rudia kwa bomba la kuchimbia la inchi 5: 25 kupita kwenye 47.25. Hapo tope linapanda taratibu, karibu nusu tu ya kasi ya bomba. Shimo ni lilelile, drila anayeshusha mabomba ni yuleyule, breki ni ileile, lakini kwa laina tope linakimbia mara nne ya ulivyozoea. Na pembeni kumebaki robo tatu ya inchi kila upande, kwenye maungio hata nusu inchi haifiki. Ni pampu ya baiskeli, na unayemjaza upepo ni mwamba.

Mwamba una kikomo. Tuseme tope lako lina uzito wa kilo 1.20 kwa lita na kina cha wima ni mita 2,000. Likitulia tu linakandamiza bar 235 hivi. Kama mwamba unapasuka kwa shinikizo la tope lenye uzito wa 1.30, kikomo ni bar 255. Una bar 20 za kuchezea, basi. Laina inayoshuka mbio inazimaliza hizo kabla hujameza mate.

Niliyaona haya nikiwa zamu ya tripu tanki, tangi la kupimia tope linalorudi juu, kwenye rigi moja. Nchi na kampuni naviacha, na wala si huko unakokwenda. Msimamizi wa kushusha laina alikuja na jedwali la kasi alilotumia siku iliyopita kwenye mabomba, kalikunja mfukoni, na alikuwa na sentensi hiyohiyo mliyoambiwa ninyi: shimo likikaa linaziba. Laina ilipopita shuu ya kesingi, yaani pale kesingi ya juu, bomba la chuma lililokwisha kusimentiwa, inapoishia, hakusimama hata kidogo. Moja kwa moja shimo wazi, lisilo na chuma.

Ukiwa umeshaning'iniza laina kwenye mabomba ya inchi 5 yaliyozibwa chini, kila stendi, yaani kipande cha mabomba yaliyoungwa, ya mita 28 inatakiwa irudishe zaidi kidogo ya lita 350 za tope kwenye tanki. Mwanzoni zilirudi. Baadaye zikarudi 300. Nikaita dekini. Nikaambiwa kipimo kinasumbua. Zikarudi 200, nikaita tena, nikaambiwa niache woga, zimebaki stendi chache tufike chini. Kisha stendi nzima ikaingia na kwenye mdomo wa bomba la kurudishia hapakuwa na kitu, pakavu, unasikia jenereta tu.

Mwamba ulikuwa umepasuka. Tulisimama ndipo, mahali pabaya kuliko pote pa kusimamia: laina ikiwa imeegemea ukuta wa shimo wazi, tope likizama kwenye ufa. Na tope likishuka, hatari inageuka upande wa pili, maana kila mita 100 inayopotea kwa uzito huo ni karibu bar 12 zimeondoka juu ya gesi na mafuta yaliyoko chini. Tukawa tunajaza kwa juu ili kisima kisije kutufuata, na tope lenyewe lilikuwa la mafuta, si la maji. Lita moja yake muulize mtu wa manunuzi. Tulipotaka kusogeza laina, haikusogea. Ilinata ukutani. Haikufika chini, hanga, kifaa cha kuining'iniza laina kwenye kesingi, ikalazimika kukaa ilipokwamia, simenti ikapandishwa nayo ikafuata ufa uleule. Baadaye kisima kilihitaji simenti ya kukamulia, inayosukumwa kwa nguvu kuziba upenyo, kwenye kichwa cha laina, na ile sehemu ya chini iliyokuwa na mafuta ilibaki bila laina. Siku za rigi zilizoliwa pale zingetosha kushusha laina hiyo polepole, kwa raha, na kubaki na chenji kubwa.

Yule bwana kwenye kikao alisema mwamba ulikuwa dhaifu. Ulikuwa dhaifu, ndiyo, na udhaifu wake ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ya programu ya kisima, na karatasi hiyo ilikuwa mezani kwake asubuhi ile. Watu wa aina hii wananikera hadi leo. Mtu amebeba uzoefu wa miaka, vijana wanamwamini, halafu anatumia uzoefu huo kunyamazisha kipimo. Ukiambiwa "kipimo kinasumbua" na tanki halijakaguliwa, jua anayesumbua ni nani.

Sasa shika hili, hata ukisahau mengine yote: laina ikifika kwenye shuu ya kesingi, isimame, tope lizungushwe, ndipo iingie shimo wazi kwa kasi iliyokokotolewa kwa ajili ya laina yenyewe.

Hoja ya kwamba shimo linaziba ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inadanganya watu wazima. Laina ikikaa kimya shimo wazi kweli inanata. Lakini kwenye shuu bado umo ndani ya chuma. Hakuna ukuta wa mwamba wa kukushika, unaweza kukaa hapo mpaka tope lirudi laini. Na unalihitaji laini, kwa sababu tope lililotulia linaganda kama uji uliosahaulika, na shinikizo huruka pale unapolivunja: sekunde ile drila anapotoa slipu, kabari zinazoshikilia bomba, na kuachia breki. Anzeni pampu polepole pia, maana pampu iliyofunguliwa kwa pupa inapasua mwamba vilevile. Hata hilo tope lingepunguzwa ugumu mapema, kabla hamjatoa mabomba ya kuchimbia safari ya mwisho. Uliza kama lilifanyika.

Kuhusu kasi, wakikwambia "dakika kadhaa kwa stendi" usiridhike. Huo ni wastani. Bomba linaanza sifuri, linafika kileleni, linarudi sifuri, na kilele huwa kama mara moja na nusu ya wastani. Burkhardt alishalionyesha jambo la shinikizo la bomba linalotembea tangu 1961, si habari mpya. Mwamba unapasuliwa na kilele. Mwambieni drila aachie breki pole, afunge pole.

Na huko Ziwa Albert kuna la ziada. Visima vya Kingfisher vinachimbwa kutoka ufukweni Buhuka kisha vinalala kuelekea chini ya ziwa. Msuguano wa tope unahesabiwa kwa urefu wote wa shimo, lakini nguvu ya mwamba inafuata kina cha wima. Shimo linavyozidi kulala, msuguano unaongezeka na bar zako za kuchezea zinabaki zilezile. Jedwali la kisima kilichosimama wima halikusaidii.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kusema "mkuu, siku hizi kuna shuu ya kujijaza kwenye ncha ya laina, hayo ni ya zamani." Shuu hiyo inasaidia, inaruhusu tope liingie ndani ya laina badala ya kubanwa pembeni. Ila tazama linapokwenda: ndani ya laina ya inchi 7 ya ratili 29 kwa futi kuna upana wa inchi 6.184, halafu juu yake limengoja bomba la kuchimbia lenye inchi 4.276 ndani, na katikati kifaa cha kushikia laina chenye tundu dogo zaidi. Linakwama hapo. Ndiyo maana kuna kifaa cha kuchepusha kinachowekwa juu ya laina, chenye matundu ya kulitoa tope nje, kwenye nafasi pana kati ya bomba na kesingi. Kinafungwa kabla ya simenti. Ulizia kama mmeletewa, na ulizia nani ana jukumu la kuthibitisha kimefungwa, maana kikibaki wazi simenti itatokea hapohapo juu. Hata mkiwa nacho, kwenye shuu mnasimama.

Posho na cheti wapo humu watakaokujibu vizuri kuliko mimi. Njia, pita daraja la Kigongo–Busisi uende zako Bukoba na Mutukula.

Kabla hujaondoka niletee vitu hivi: uzito wa tope na ugumu wake kwenye ripoti ya mwisho, kina cha shuu ya kesingi, kipimo cha nguvu ya mwamba walichopata hapo kwenye shuu, urefu wa shimo na kina chake cha wima. Nipo Kirumba, karibu na Mwaloni, jioni nyingi nipo. Tutakaa tuihesabu hiyo kasi kwa mkono, uende nayo imeandikwa, na umwonyeshe msimamizi mbele ya drila, si pembeni.