Kwa nini homosisteini hupanda kwa mzee anayekula mboga

Ndugu, umeuliza kama vinasaba vinaweza kumfanya mama yako awe na homosisteini (aina ya asidi amino) nyingi damuni ilhali anakula mboga za majani kila siku. Vinaweza, na jeni inayohusika zaidi ni MTHFR, inayouongoza mwili kutengeneza kimeng'enya kinachoiweka foleti (vitamini B9, iliyomo kwenye mboga za majani) katika umbo linalotumika kuigeuza homosisteini kuwa methionini, asidi amino nyingine. Badiliko la jeni hii liitwalo C677T, lililoelezwa na watafiti mwaka 1995, hukidhoofisha kimeng'enya hicho, na kwa mtu aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mama, utendaji wake hushuka hadi takriban asilimia 30 ya kawaida.

Hata hivyo, athari hiyo hujitokeza hasa foleti inapokuwa chache, na mchicha uliochemshwa kwa muda mrefu kisha maji yake yakamwagwa hubaki na foleti kidogo kuliko tunavyodhani. Vitamini B2 nayo ni muhimu, kwa kuwa kimeng'enya hiki huitegemea.

Nakala mbili za C677T ni nadra kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo ningeomba kwanza vipimo vya visababishi vingine vya homosisteini kupanda, yaani vya figo na vitamini B12, ambayo wazee wengi hushindwa kuifyonza vizuri kutoka kwenye chakula kwa sababu asidi ya tumbo imepungua. Nakusihi asianze vidonge vya asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) kabla B12 haijapimwa, kwani vinaweza kurekebisha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.