Ngazi Sebuleni? Mimi Niliikataa, na Sijuti

Msomaji mmoja ameniandikia juzi. Ramani yake iko tayari, nyumba ya ghorofa, na ngazi imewekwa katikati ya sebule, wazi kabisa, vidato havijazibwa nyuma. Anaomba baraka zangu. Ndugu yangu, baraka kaombe kwa wazazi. Mimi nina yaliyonipata tu.

Nilipotaka kujenga, mchora ramani alishaichora ngazi yangu sebuleni kabla hajaniuliza. Nikamwambia aisogeze pembeni, iwe na chumba chake chenye kuta na mlango. Akacheka, eti hiyo ni ngazi ya ofisi. Shemeji yangu akadakia: "Kwani unajenga nyumba au hosteli?" Maneno hayo hayajanitoka, na shemeji akipita hapa ajue hivyo. Nilishikilia langu mpaka nyumba ikasimama. (Habari za zege na mafundi kuingia mitini sina haja ya kukusimulia, unazijua.)

Leo shemeji huyohuyo ana ngazi ya wazi, chuma na kioo, na ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini nikilala kwake naisikia taarifa ya habari neno kwa neno, kama vile televisheni iko uvunguni. Vitunguu vikikaangwa chini, harufu inawahi kwenye shuka kabla ya chakula kuwahi mezani. Anayetoka kuoga na taulo lazima achungulie kwanza kama sebuleni kuna mgeni.

Si bahati mbaya. Hewa ya moto hupanda, na uwazi wa ngazi ndio njia yake. Wakati wa baridi unapasha joto sebule, joto linakwenda zake juu. Ukiwasha kiyoyozi vyumbani, ubaridi unateremka. Moshi nao hufuata njia hiyohiyo, na hapo sitanii: moto ukizuka chini usiku, ngazi ya wazi inapitisha moshi mpaka milango ya vyumba vya kulala, wakati ndiyo hiyohiyo mnayoitegemea kutokea. Mlango uliofungwa huuchelewesha. Wangu hufungwa kila usiku, hata watoto wanajua.

Watakwambia chumba cha ngazi kinakula nafasi. Hebu tupige hesabu. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, unahitaji vidato 18 vya karibu sm 17 kwenda juu. Pa kukanyagia ni sm 28. Ngazi ya kunyooka inakula karibu mita 4.8, iwe wazi au imefungwa! Ukiikunja igeuke katikati, inaenea kwenye chumba cha takribani mita 2 kwa 3.5. Kinachoongezeka ni kuta na mlango tu, na chini yake unapata stoo. Kanuni ya vipimo hivyo vya vidato ni ya zamani, ya msanifu majengo Mfaransa François Blondel wa karne ya 17: kimo cha kidato mara mbili, jumlisha pa kukanyagia, ipatikane kati ya sm 60 na 64. Ukiivunja, magoti yatakwambia.

Ubaya wake upo pia. Bila dirisha pale inapogeuka, mchana utawasha taa. Na kabati letu la nguo lilikwama kwenye kona, likabidi kufunguliwa vipande vipande huku shemeji akitazama. Hakusema kitu, ila uso wake ulisema.

Ukiing'ang'ania ya wazi, basi ziba nyuma ya vidato na hakikisha nafasi kati ya nguzo za reli hazifiki sm 10, kichwa cha mtoto kisipite. Lakini jiulize unamjengea nani. Mgeni anakaa saa mbili, anaisifu ngazi, anaondoka. Wewe unabaki na kelele miaka yote. Watu tunajenga kwa ajili ya macho ya wenzetu, halafu tunashangaa nyumba hazikaliki!

Kwa hiyo mwambie mchoraji akuchoree zote mbili uzilinganishe. Kama utachagua ya chumba, mlango wa ngazi uwe karibu na mlango mkubwa wa nyumba, ili siku ukitaka kupangisha juu, mpangaji asipite sebuleni kwako. Na upana wa mlango huo usipungue sm 90, kwa sababu ya kabati.