Paneli tatu za Bacon: nani alizimiliki

Aliyeuliza kama "Three Studies of Lucian Freud", kazi ya mchoraji Francis Bacon inayomwonyesha mchoraji mwenzake Lucian Freud, ilikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo: hapana, na hapo ndipo wengi hukosea. Ni turubai tatu (paneli) za rangi ya mafuta, kila moja sm 198 × 147.5, zilizochorwa London mwaka 1969. Zilionyeshwa pamoja Turin mwaka 1970, kisha kwenye ukumbi wa maonyesho wa Grand Palais, Paris, 1971. Katikati ya miaka ya 1970 zikauzwa kila moja kivyake. Bacon alichukia jambo hilo. Kwake paneli moja bila wenzake haikuwa na maana, na nadhani alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kitanda cha nyuma na fremu ile kama kizimba ndivyo vinavyoziunganisha.

Mkusanyaji mmoja wa Roma alizitafuta moja moja kwa miaka mingi hadi akazipata zote. Tarehe 12 Novemba 2013 kampuni ya mnada ya Christie's, New York, iliziuza kwa dola milioni 142.4, rekodi ya mnada wakati huo. Mnunuzi alikuwa Elaine Wynn. Alipofariki 2025 aliziacha zote tatu kwa LACMA, jumba la makumbusho la sanaa la Los Angeles.

Kwa hiyo ukifuatilia umiliki wa kazi ya paneli tatu, andika mnyororo wa wamiliki wa kila paneli peke yake, kisha utafute mwaka minyororo hiyo inapokutana. Ukianzia kwenye mnada wa 2013 kurudi nyuma kwa mstari mmoja, utampa mmiliki wa paneli moja zote tatu.