FAL haikuwa mbovu, ilibebeshwa risasi isiyokuwa yake

Wandugu, jambo. Ndugu wa Lubumbashi ameuliza kwa nini jeshi letu la Kongo, lililorithi FAL, bunduki ya vita ya Wabelgiji, leo limejaa kalashi (AK za Kirusi na Kichina) tupu. Watatu wamemjibu hapo juu kwamba FAL ilikuwa bunduki mbovu. Hapana. Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa silaha jeshini wakati wa Mobutu, tukakulia Bukavu katika nyumba za askari pale Saio. Mimi mwenyewe ni fundi wa vyuma, Kadutu, na kuna miezi niliyolipwa kukata bunduki zilizosalimishwa. Bunduki ukiikata, inakuambia jinsi ilivyozaliwa.

Nianze na kalashi maana ndizo zilizojaa magunia. Nyingi zilikuwa za Kichina, zenye namba 66 ndani ya pembetatu. Bodi, yaani mwili wa bunduki unaobeba vyuma vya ndani, ya AKM (kalashi ya baadaye) na ndugu zake wa bati ni chuma cha unene wa milimita 1 hadi 1.5 kilichokunjwa. Diski ya kukatia inapita kama unafungua kopo la sardini. Lakini siku nyingine unashika kalashi nzito kidogo, diski inaanza kulia, cheche zinakujaa usoni, na chuma hakiishi. Hiyo bodi yake imechongwa kutoka pande zima la chuma. Mwanzoni nilidhani ya bati ndiyo ya bei rahisi ya siku hizi na ya kuchonga ndiyo ya asili. Papa akanisahihisha. Warusi waliipitisha kalashi 1949 ikiwa na bodi ya bati, viwanda vikashindwa kuikunja sawasawa, zikatupwa nyingi mno, ndipo wakakubali kuchonga kwa hasara. Walirudi kwenye bati 1959 na AKM, baada ya mafundi kujua kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia "bunduki fulani ilipitishwa mwaka fulani", muulize na kiwanda kiliiweza lini.

FAL nilikata mbili tu. Ya kwanza ilinimalizia diski mbili. Bodi yote ni chuma cha kuchonga, imeng'arishwa vizuri hata ndani, mahali ambapo askari hawezi kuona. Unaona kabisa mkono wa watu walioanza na Mauser, bunduki ya Kijerumani. FN, kiwanda cha Herstal, pembeni ya Liège, kilichounda FAL, ilianzishwa 1889 kuunda Mauser za jeshi la Ubelgiji. Browning, yule Mmarekani mbunifu wa bunduki, alifia mlemle kiwandani 1926, na bastola aliyoiacha haijaisha ikamaliziwa na Dieudonné Saive, mbunifu wa FN, ndiyo ile GP 35 ambayo wazee wanaiita GP tu. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji, Saive alitorokea Uingereza na michoro yake kichwani. Baada ya vita ikatoka FN-49, ambayo Force Publique yetu, jeshi la wakati wa ukoloni, iliipata, na kutoka kwenye komeo lilelile (chuma kinachofunga risasi ndani), linaloinama kwa nyuma na kujikita kwenye chuma cha bodi, ikazaliwa FAL.

Sasa hapa ndipo penye jibu. FAL za kwanza kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1940, hazikuwa za risasi hii kubwa tunayoijua. Saive aliijaribu kwanza na risasi fupi ya Wajerumani, ile ya Sturmgewehr, bunduki yao ya 1944, kisha na risasi mpya ya Waingereza ya milimita 7. Ilikuwa bunduki ndogo, nyepesi, wazo lilelile la Kalashnikov. 1950 ikapelekwa kujaribiwa Marekani. Wamarekani wakakataa risasi ndogo: walitaka nguvu ya ile risasi yao kubwa ya .30 waliyopigania vita viwili vya dunia, ila katika ganda fupi zaidi. Waingereza walikuwa tayari wamepitisha 1951 bunduki yao EM-2 ya risasi ndogo. Churchill akarudi madarakani mwaka huohuo, akaifuta ili wasiachane na Marekani. 1954 NATO, muungano wa majeshi ya Magharibi, ikakubaliana juu ya risasi ya 7.62 kwa 51 (milimita za upana na za urefu wa ganda), na FAL ikabidi inenepeshwe ili imeze masasi hayo. Kanada ikaichukua 1955, Ubelgiji 1956, Uingereza 1957, mwisho nchi zaidi ya 90. Na Marekani? Ikachagua M14 yake mwenyewe 1957, na haikupita miaka kumi ikawa inahamia M16 ya 5.56, risasi ndogo kuliko hata ile waliyowakatalia Waingereza. Yaani waliwalazimisha wenzao bugali mgumu, kisha wao wakahamia mchele.

Ubaya wa risasi ile si kwamba haiui. Inafika mbali na inapita ukuta wa matofali. Ubaya ni mgongoni na begani. Risasi moja ya FAL ni kama gramu 24, ya kalashi ni kama 16 au 17. Beba mia moja, panda nazo kutoka Kadutu hadi huko milimani Kabare, uniambie. FAL yenyewe ni kilo 4 na ushei, AKM kilo 3 na kidogo. Shajeri ya FAL, yaani kisanduku cha risasi (si ya simu, vijana), ina risasi 20, ya kalashi 30. Na ukiiachia FAL ipige mfululizo, risasi ya kwanza iko kwa adui, ya tatu iko kwa ndege. Waingereza waliitoa kabisa hiyo ya mfululizo kwenye FAL zao.

Halafu kuna jambo la gesi, ambalo papa aliliona kila wiki. FAL ina pete nyuma ya shabaha ya mbele, askari anaizungusha kuongeza au kupunguza gesi inayosukuma komeo. Bunduki ikichafuka, unaongeza. Ni akili nzuri sana, kama askari amefundishwa. Hajafundishwa? Ataiacha wazi, ganda linabaki ndani. Au ataikaza yote, bunduki inampiga bega kama punda. Mbele ya pete kuna kizibo, kina A upande mmoja na Gr upande mwingine. Gr ni ya kurusha bomu la mtutu: gesi inafungwa yote, na kila risasi lazima uvute kwa mkono. Nilikuwa mtoto nimekaa mlangoni, akaja askari na FAL "imekufa". Papa hakufungua hata kisanduku cha vyombo. Alibonyeza kile kizibo kwa ncha ya risasi, akakigeuza nusu mzunguko, akamrudishia: "Haiyakufa hii. Muliiziba puwa."

Kalashi haina pua ya kuziba. Gesi yake ni nyingi kupita mahitaji siku zote, komeo zito, nafasi ndani ni pana, mtutu umepakwa kromu. Haipigi vizuri kama FAL kwenye mita 400, na sijui ni mapigano gani ya huku kwetu yaliyofanyika mita 400, ndani ya migomba na mianzi.

Aliyeuliza kwa nini si M16: Zaire ilikuwa nazo pia, wala hazikusaidia. Wamarekani wenyewe walizilia Vietnam 1966 na 1967, baruti imebadilishwa, chemba haina kromu, na askari waliambiwa haihitaji kusafishwa sana. Jeshi lenye mafundi wachache lisichukue bunduki ya namna hiyo.

Basi FAL iliondokaje? Huku kwetu haikushindwa shindano lolote. Masasi yake yalikuwa yanatoka nchi za Magharibi, kwa mkataba na kwa pesa. Ya kalashi yalikuwa kwa majirani wote. Vita vilipoingia Bukavu Oktoba 1996, waliokuja walibeba kalashi, na aliyeshinda ndiye anayeamua masasi gani yanajaa ghala. FAL bila masasi ni fimbo ya kilo 4.

Ile FAL ya pili niliyokata, kwenye daftari la mapokezi walikuwa wameandika "haifanyi kazi". Niliibana kwenye jiliwa, nikaifuta matope ya mbele kabla ya kuwasha diski. Kizibo kilikuwa kwenye Gr. Nikakigeuza kwa kidole gumba, nikavuta komeo mara mbili, likateleza kama jana limetoka Herstal. Kisha nikakata.