Maua ya msimu Dar: tunavyoyajaribu kabla ya kuyaamini

Dada wa Kigamboni ameuliza kwa nini mbegu za maua, petunia zikiwemo, alizoletewa na ndugu yake kutoka Uingereza zimemfia zote wakati alifuata maelekezo ya pakiti neno kwa neno. Akauliza pia kama ni kweli kuna watu wanajitolea kupanda maua ili kuyajaribu tu. Ni kweli, dada, na mimi ni mmoja wao. Niruhusu nijibu kwa kirefu, maana watu wengi wanapoteza hela kwenye jambo hili bila sababu.

Nianze na hiyo pakiti. Imeandikwa sia Machi au Aprili, baridi ikishaisha. Kwao ni sawa kabisa. Kwetu Machi ndiyo masika yanaingia. Mche mchanga wa petunia ukutane na mvua ya Aprili, udongo haukauki, kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la mche, kinaingia, na trei iliyokuwa imesimama jana unaikuta asubuhi imelala yote. Halafu kuna urefu wa mchana, jambo ambalo wengi hatulifikirii. London mwezi Juni mchana unazidi saa 16. Dar mchana unacheza kwenye saa 12 mwaka mzima, tofauti ya Juni na Desemba haifiki hata saa moja. Petunia hupenda mchana mrefu, kwa hiyo hapa huvuta miguu kabla ya kuchanua. Kosmosi na zinia ni kinyume chake, mchana mfupi huziharakisha, na ndiyo maana unaona zinachanua mapema zikiwa fupi kuliko picha ya kwenye pakiti. Mbegu zako hazikuwa mbovu, na mkono wako hauna tatizo.

Kazi ya kujaribu maua kwa kujitolea ina historia. Marekani wana All-America Selections, iliyoanzishwa mwaka 1932, na waamuzi wake hadi leo hawalipwi. Aina mpya hupandwa sambamba na aina ya zamani inayofanana nayo, na mwamuzi huona namba tu, hajui ni mbegu ya kampuni gani. Zinia za Profusion, ambazo nitazitaja tena, zilipata medali ya dhahabu hapo mwaka 1999. Na sisi wa Dar tusijione wageni wa mambo haya: bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na kazi yake ilikuwa kujaribu mazao yanayoweza kustawi hapa.

Kikundi chetu hakina makuu. Tuko wastaafu, akina mama wa mtaani, na vijana wanaouza miche kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Tunatumia kipande cha ardhi kando ya shule ya msingi. Kila aina inapata matuta mawili, moja kwenye jua la kutwa na jingine linalopata kivuli cha mwembe kuanzia saa nane. Samadi ni ileile iliyooza vizuri, maji yaleyale, nafasi kati ya mche na mche ni ileile. Ukipendelea tuta moja hata kwa keni moja ya maji, jaribio limeharibika. Pembeni ya kila aina mpya tunapanda ua tunalolijua tangu zamani, kwa sababu bila hilo la kulinganisha huwezi kusema kama aina mpya ni dhaifu au wiki hiyo jua lilikuwa kali kwa wote. Vibao tunaandika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida jua la Dar linaufuta.

Kila wiki tunatoa alama, 1 hadi 5. Hapa ndipo ninapotaka tuelewane: siku ambayo ua limependeza zaidi si siku ya kuliamulia. Kila ua hupendeza siku yake ya kwanza. Sisi tunalipima linapochoka, baada ya mvua ya usiku kucha, au mwezi Februari joto linapokaba na mgao wa maji umeanza. Kijana mmoja aliwahi kuipa zinia 5 kwa jinsi ilivyowaka. Bibi yetu mmoja, mwalimu mstaafu, akamwita: "Mjukuu wangu, njoo uinue majani ya chini." Akainua. Majani ya juu yalikuwa ya kijani safi, ya chini yamepakwa unga mweupe, na ukilifuta kwa kidole unakuta jani limeshapauka. Huo ndio ugonjwa wa ubwiri unga. "Haya, hii bado ni 5?" Kijana akafuta, akaandika 2. Wiki tatu mbele tuta lile lilibaki vijiti.

Kwa hiyo tumeona nini? Zinia za kawaida zenye maua makubwa ni nzuri sana kipupwe, ila masika zinaumwa. Profusion zina maua madogo zaidi, lakini ubwiri unga hauziwezi kirahisi, na kwa bustani ya nyumbani mimi ningechukua hizo bila kufikiri mara mbili. Selosia na gomfrena hazina deko, joto ndilo chakula chao. Potulaka inavumilia mchanga wetu wa pwani na hata maji ya kisima yenye chumvi kidogo, ila ipe jua kamili, kivulini haifungui maua.

Vinka nalipenda kuliko yote. Ni lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linaloota hata makaburini na kwenye nyufa za saruji. Asili yake Madagaska, na ndani ya mmea huo ndimo zinamotoka dawa za saratani vinkristini na vinblastini, japo mmea wenyewe ni sumu, watoto wasitafune. Kiangazi hakuna wa kushindana nalo. Adui yake ni maji kutuama. Mvua za Aprili zilipokuja, vinka za bondeni zilioza shina zikadondoka, na zile za kwenye tuta lililoinuliwa, aina ileile na siku ileile ya kupandwa, zikaendelea kuchanua. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vinka haliwezi masika, muulize kwanza alilipanda wapi.

Kuna jingine la kivulini, impatiensi, ambalo Wazungu walilipanda kwa wingi kwenye bustani zao. Hilo ni la kwetu, Afrika Mashariki, na zamani jina lake la kisayansi lilibeba heshima ya Sultani wa Zanzibar. Linataka kivuli na unyevu, si jua la saa saba.

Dada, kama zimebaki mbegu kwenye pakiti, usizitupe. Zifunge zisipate unyevu, zisie mwishoni mwa Mei mvua zikipungua, ili petunia zikue Juni hadi Agosti wakati usiku wa Dar unashuka karibu nyuzi 19 au 20. Weka trei chini ya kivuli chepesi, mwagilia asubuhi, jioni ziache. Jirani yake panda vinka za kununua kitaluni ziwe kipimo chako. Na siku nyingine ndugu akikuletea mbegu, kumbuka kuingiza mbegu nchini kunataka kibali cha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ukitaka kufanya na majirani, ongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuhusu kipande cha ardhi, na kabla ya kununua hata mbegu moja zungusha uzio, kwa sababu mbuzi wa Kigamboni hawasubiri alama za wiki ya kwanza.